Zawadi ya Barafu na Mkewe

Kijiwe chetu kiko kwenye kona, mbele ya studio ya picha iliyofungwa tangu watu walipoanza kujipiga picha wenyewe. Benchi ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, na ubao huo una bonde katikati, kwa hiyo mkikaa watatu au wanne mnateremkiana taratibu mpaka mabega yanagusana, mpende msipende. Upande mmoja ni meza yangu ya kuchonga funguo. Upande wa pili ni kibanda cha kinyozi tunayemwita Hajinyoi, kwa sababu ya ndevu zake. Kahawa huletwa na Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu, lakini akikunyima kikombe cha pili kwa kuwa umekuwa ukikohoa, basi umenyimwa. Mwisho wa benchi, penye kivuli, ni kiti cha Wakili. Hakuwahi kuwa wakili. Alikuwa karani wa mahakama, akiita watu majina mlangoni, na kazi hiyo ilimwachia sauti kubwa na imani kwamba kila jambo lina pande mbili, na yeye yuko upande wa pili.

Mwenzetu wa nne ni Barafu, fundi wa mafriji. Jina alipewa kwa kazi yake, likamkaa kwa tabia yake. Anaweza kumaliza kikombe kizima bila kusema neno, na ukimwuliza habari za nyumbani anakuambia nzuri, kisha anakuachia kazi ya kuamini.

Habari za nyumbani kwake hazikuwa nzuri, na sote tulijua. Mkewe, mshonaji wa mapazia, alikuwa ameondoka mwaka uliopita. Neno kuondoka ni letu. Wao wenyewe hawakulitumia. Alikwenda kumuuguza dada yake aliyevunjika mguu. Mfupa ukaunga, dada akaanza kwenda sokoni kwa miguu yake, na mke wa Barafu hakurudi. Hapakuwa na ugomvi wala kikao cha wazee, na talaka haikutajwa. Kwanza alikuja kuchukua cherehani, eti kazi za watu zisilale. Kisha akaja kuchukua pasi. Vyote viwili Barafu alimbebea mwenyewe mpaka kwa shemeji yake, akavipanga vizuri, akarudi. Binti yao alikuwa ameshaolewa mji mwingine, kwa hiyo nyumba ikabaki na mtu mmoja na mafriji mabovu ya watu, yamesimama sebuleni kama wageni waliokosa viti.

Kijiweni hatukuligusa jambo hilo. Tulilizungumza sana, lakini siku ambazo hakuwepo.

Asubuhi moja Barafu alikuja akakaa bondeni kabisa, mahali anapopakwepa siku zote, tukajua ana jambo. Akatoa kadi mfukoni. Alisema alikwenda kutengeneza friji katika ofisi ya kampuni moja inayouza likizo, na yule mama wa mapokezi alipomwona ana pete, akampa mwaliko. Hajinyoi alimwuliza likizo inauzwaje, maana yeye zake anazipata wateja wasipokuja. Barafu alieleza alivyoelezwa: wana nyumba za mapumziko mahali pazuri, na wewe hununui nyumba, unanunua wiki yako moja ya kila mwaka. Wiki nyingine ni za wenzako. Mnapokezana.

– Kama choo cha nyumba ya kupanga, akasema Hajinyoi.

– Kama hicho, akakubali Barafu.

Kilichomvuta hakikuwa hiyo wiki. Kadi ilisema kwamba ukienda ukakaa, ukasikiliza maelezo yao mpaka mwisho, hata usiponunua wanakupa zawadi. Na zawadi unachagua mwenyewe: ama pointi za hoteli, zinazoweza kukulaza bure siku kadhaa, ama vocha ya duka la vifaa vya nyumbani. Sharti ni moja. Waende mume na mke, pamoja.

Tulipofika hapo, kila mmoja alikumbuka kunywa kahawa yake.

Wakili ndiye aliyerudi kwanza kwenye mazungumzo. Alisema rahisi ghali, cha bure ndicho ghali zaidi, lakini kama Barafu ameshaamua, basi sheria haisemi mke gani, inasema mke. Akashauri wamtafute mama yeyote mwenye nafasi na sura ya heshima. Hajinyoi alimtoa dada yake papo hapo, akasema anajua kukaa kimya na ana viatu vya ofisini.

– Wamesema mke wangu, akasema Barafu.

Akairudisha kadi mfukoni, akaaga, akaenda zake.

Yaliyofuata alitusimulia kwa vipande, siku mbalimbali, na mimi nimeviunga. Jioni ile alikwenda kwa shemeji yake. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, pazia la mtu limemfunika magoti. Barafu alisimama mlangoni akayatoa yote kwa pumzi moja, kwamba kuna mahali watu wanaitwa, wanazungumziwa, wanapewa zawadi, na lazima wawe wawili. Mkewe hakuinua kichwa. Aliendelea kushona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi, ndipo akauliza:

– Huko kuna friji bovu?

– Nilishalitengeneza.

– Basi nitakuja.

Siku yenyewe walikutana kwenye ngazi za jengo, kila mtu ametoka kwake. Barafu alisema aliona haya kama kijana wa posa. Mkewe alikuwa amevaa gauni asilolijua, na hakujua kama asifie au anyamaze, akanyamaza. Waliingizwa katika chumba chenye baridi, wakaketishwa kwenye meza ya duara na kijana mwenye tai na meno mazuri. Kijana aliwaonyesha picha za vyumba, mabustani, na watu wazima wanaocheka wakiwa wamebeba glasi. Barafu alikuwa akisikiliza kiyoyozi. Kilikuwa kinakwama kila kikitaka kuwaka, na alipata shida kukaa bila kukifungua.

Kisha kijana akafunga kitabu cha picha, akawainamia kwa upole, akawauliza mara ya mwisho walisafiri pamoja lini. Bila shaka ni swali wanalofundishwa. Mtu akilisikia anakumbuka kwamba ni zamani mno, anaona uchungu, ananunua.

Barafu alijibu upesi. Alisema ni kwenye harusi ya binti yao.

– Harusini hatukwenda pamoja, akasema mkewe. Mimi nilitangulia na binti. Wewe ulikuja wakati watu wanaondoa viti, kwa sababu friji la mwenye ukumbi lilikuwa limezima, ukaingilia mlango wa jikoni.

Alilisema bila hasira, Barafu alituambia, kama mtu anayesahihisha anwani. Kijana mwenye tai akavuta kiti chake mbele. Akafungua tena kitabu chake cha picha, akarudi kwenye mabustani.

Walipoulizwa kama watanunua, mkewe ndiye aliyejibu:

– Mwanangu, sisi hata wiki za bure tulizopewa na Mungu hatujazitumia.

Kwa hiyo hawakununua, wakapelekwa kwenye meza nyingine kuchagua zawadi. Mama wa pale aliwaeleza vizuri. Pointi zinatosha chumba kimoja kwa siku tatu, katika hoteli yoyote yenye jina lao, na chumba ni chumba, alale mmoja au walale wawili. Zisipotumika mwaka mmoja, zinafutika. Vocha ni ya dukani, vyombo, magodoro, chochote, na mtu anaweza kuigawa, leo hiki, kesho kile. Wote wawili watie saini kwa kitu kimoja.

Hapo Barafu aliona nafasi ya kuonyesha uungwana. Alimwambia mkewe waichukue vocha, waikate katikati, nusu yako, nusu yangu, hakuna atakayemdai mwenzake. Kwa hesabu yake hilo lilikuwa neno la haki kabisa.

Mkewe aliirudisha kalamu mezani. Kisha akachukua mkoba wake.

– Chagua wewe, akasema. Nitatia saini hapo utakaponionyesha.

Akateremka ngazi. Mama wa mezani, ambaye nadhani alikuwa ameona wengi, akamwambia Barafu aende akafikiri, wampe jibu kabla wiki haijaisha.

Akatuletea sisi.

Nakiri kwamba tulilipokea jambo lile kama watu waliokuwa wakilingoja maisha yao yote. Shangazi hakuwa amemaliza hata kugawa vikombe, Wakili alikuwa ameshasimama. Yeye alikuwa upande wa vocha. Bora kenda shika, akasema, kuliko kumi nenda uje. Vocha unaishika, unaikunja, unaingia nayo dukani, unatoka na godoro, na godoro lina ushahidi. Pointi nani ameziona? Ukiziweka mezani, zinafananaje?

Hajinyoi akasema subira huvuta heri. Wakili akasema ngojangoja huumiza matumbo. Hajinyoi akasema akiba haiozi.

– Hii inaoza, akasema Barafu. Mwaka mmoja.

Kwa kuwa mambo ya kuoza ndiyo taaluma ya Barafu, hoja ile ikamtikisa Hajinyoi, lakini si sana. Alisema siri ya pointi ni kuzitumia kidogokidogo. Unalala usiku mmoja, unapumzika, unalala mwingine. Mradi wanakuona huna pupa, watakuheshimu na kukuongezea. Ndiyo maana wahenga wakasema chovyachovya humaliza buyu la asali.

Tulikaa tukiitafakari methali ile. Wakili alifungua mdomo, akaona mwenzake amejifunga goli mwenyewe, akamwacha alifurahie.

Kutoka hapo tulikwenda mbali. Hajinyoi alisema amesikia kwa mteja wake kwamba pointi zinarithiwa, na kwamba yuko bwana mmoja ambaye babu yake alilala hotelini mara moja tu, na mpaka leo ukoo mzima unakunywa chai kule bila kuulizwa. Wakili alijibu kwamba hoteli zimegawa pointi nyingi kuliko vitanda. Iko siku, akasema, wenye pointi wote wataamka na wazo moja, wataondoka na masanduku yao, na usiku ule watu watalala kwa kusimama ukumbini, mume ameegemea ukuta, mke ameegemea mume. Hajinyoi naye akasema afadhali hilo, kwa sababu duka la vocha ni la hao hao wenye hoteli. Wanakupa vocha ununue godoro lao, na godoro wamelitengeneza liwe na kiwiko ndani, likuchome mbavu miezi mitatu, mpaka mwenyewe utamani kulala hotelini kwa pesa yako.

Mimi nilikuwa upande wa kila aliyesema mwisho.

Barafu alikuwa akigeuza kichwa kwa huyu, kisha kwa yule, kwa uangalifu wa mtu anayetafuta mlio mbovu ndani ya mashine. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa anasikiliza kweli. Alidhani jibu limo mle katika maneno yetu, ila limejificha.

Wakati huo pembeni ya meza yangu alikuwa amesimama dada mmoja aliyekuja kuchongewa ufunguo. Hatukuwa tumemwona kabla. Alikuwa na rangi nyeupe kwenye viwiko na juu ya viatu, kwani kazi yake ilikuwa kupaka nyumba rangi. Alisema amepata kazi ya jengo lililo nyuma yetu na mwenye nyumba amempa ufunguo mmoja, anaogopa kuupoteza. Nilimwomba akae kidogo. Akakaa ukingoni, Shangazi akampa kahawa, na kwa kuwa bonde halichagui mtu, muda si mrefu alikuwa begani kwa Hajinyoi, anasikiliza.

Alisikiliza mpaka kiwiko cha godoro. Kisha akamgeukia Barafu, akauliza kwa adabu, kama mtu anayeuliza njia:

– Samahani, baba. Mama anataka kipi?

Barafu akamweleza kwamba mama alisema achague yeye.

– Hilo alilisema. Mimi nauliza alitaka kipi.

Wakili akaingilia, akasema kisheria asiyekuwepo na lake halipo. Yule dada akamgeukia Wakili.

– Kwani hayupo? Si mmesema zawadi ni ya watu wawili?

Wakili akakaa.

– Tuseme hakutaka kusema, dada akaendelea. Anapenda nini?

– Anapenda mapazia, akasema Barafu.

– Hiyo si kazi yake?

Barafu akakubali kwamba ni kazi yake. Akaweka kikombe kwenye goti. Tulimwona anaanza kutafuta, na tukamngojea, na yeye akazidi kutafuta. Alisema mkewe hapendi chai iliyopoa. Hapendi mlango uachwe wazi. Hapendi mafriji sebuleni. Akaishia hapo, kwa sababu aliona, nasi tuliona, kwamba orodha yote ilikuwa ya asivyovipenda.

Hajinyoi alitaka kumsaidia, akasema wanawake wote wanapenda hoteli. Dada akamwuliza kama mkewe pia anapenda. Hajinyoi akasema hajawahi kumwuliza, lakini anajua. Kisha macho yakahamia kwa Wakili, mtu mzima kuliko sote, ambaye ameishi na mkewe tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Nilikuwa na hakika yeye atajibu.

– Mke wangu, akaanza kwa sauti yake ya mahakamani. Mke wangu anapenda...

Tukangoja.

– Anapenda nirudi mapema, akasema, na ile sauti ikawa imemtoka.

Na mimi nilikuwa nimeinamia ufunguo wa watu, naupiga msasa mahali ambapo palikuwa pameshalainika, nikiomba zamu isinifikie.

Yule dada hakuwa na nia ya kumwaibisha mtu. Ufunguo ulipokuwa tayari aliujaribu kwa kidole, akalipa, akamshukuru Shangazi kwa kahawa, akaenda kazini kwake. Barafu naye akasimama. Kikombe chake kilikuwa bado kimejaa.

Siku mbili hakuonekana. Siku ya tatu alikuja, akakaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alianza kuzungumza bila kuulizwa.

Alikwenda moja kwa moja kwa shemeji yake, mchana wa kazi, mkoba wa vifaa ukiwa begani. Mkewe alishtuka, akadhani kuna msiba. Barafu alimwambia hakuna msiba, amekuja kumwuliza anataka nini, pointi au vocha. Mkewe akaacha kushona.

– Unaniuliza kweli, au umetumwa na kijiwe?

– Vyote viwili.

Alicheka. Barafu alitulia hapo kidogo alipokuwa akitusimulia, kama anayepita mahali pazuri, kisha akaendelea. Mkewe alimvutia kigoda, akamwambia akae, kwa sababu jibu lenyewe haliwezi kupokewa na mtu aliyesimama mlangoni.

– Nataka pointi, akasema. Nataka kulala mahali ambapo pazia likichanika si langu. Niamke nikiache kitanda vilevile, nikirudi nikute mtu mwingine amekitandika.

Barafu akajibu kwamba ni vizuri sana, akaanza kufikiri ni kazi gani aziahirishe. Ndipo mkewe akamalizia.

– Na nataka niende peke yangu.

Barafu alituambia amewahi kushika waya wa friji akidhani umeme umezimwa. Ilikuwa vile. Huoni kitu, husikii kitu, unajikuta tu umekaa chini na mkono si wako. Lakini safari hii alikuwa ameshakaa, kwa hiyo alibaki pale. Zamani, alisema, angeinuka, angesema sawa, angekwenda kutengeneza kitu. Alipobaki, akauliza kwa nini.

Maneno ya mkewe aliyarudia polepole, nadhani kwa sababu alikuwa ameyarudia mwenyewe mara nyingi.

– Miaka yote nilikuambia twende, ukasema tutaenda. Hukunikatalia hata mara moja, ndiyo maana sikupata cha kulalamikia. Nikazoea kungoja. Sasa sijui kama bado nataka kwenda na wewe, au nataka kwenda tu. Siwezi kujua nikiwa nawe pembeni. Niache nikajue.

Wakatia saini siku iliyofuata. Pointi.

Wakili alilipokea jambo hili kwa uzito. Alisema hiyo ni dhuluma, zawadi ya wawili kuliwa na mmoja, na kwamba kama ingefika mbele ya hakimu anayemjua yeye, ingebatilishwa kabla ya chakula cha mchana. Hajinyoi naye akaanza kusema kwamba mwanamke akisafiri peke yake kwenda hotelini... Barafu aliweka kikombe chini, akamtazama.

– Hubeba mzigo mdogo, akamalizia Hajinyoi.

– Mdogo sana, akasema Barafu. Nitambebea mimi mpaka kituoni.

Na alimbebea. Siku zile tatu alikuja kijiweni kila asubuhi, na sisi tukamtendea kama mtu mwenye mgonjwa hospitali. Hatukuuliza. Wakili alimwachia mahali pake penye kivuli. Hajinyoi alimnyoa, akakataa malipo. Barafu alikuwa na simu mkononi, na simu ililia mara nyingi, lakini wote walikuwa wenye mafriji. Aliwajibu kwa heshima, akaenda alikopaswa kwenda. Siku ya pili alinong'ona, bila kumwelekea yeyote, kwamba mtu anaweza kwenda mahali akajua kwamba hataki kurudi.

Hakuna aliyekuwa na methali ya hilo. Shangazi alimjazia kikombe cha tatu, jambo ambalo sijaona akimfanyia mtu mwingine.

Mkewe alirudi. Barafu alimpokea kituoni, akambebea mzigo mpaka kwa shemeji yake, na njiani hawakuzungumza zaidi ya jua na vumbi. Alipokuwa akiaga, mkewe akamwambia aje Jumapili, kama hana kazi. Barafu akasema hana kazi. Jumatatu asubuhi tulikuwa kijiweni mapema kuliko hata Shangazi, tunamngoja.

Alikuja, akakaa, akapuliza kahawa yake. Wakili, aliyeita majina ya watu maisha yake yote, alishindwa kuvumilia.

– Amerudi nyumbani?

– Bado.

– Atarudi?

– Sijui. Sijamwuliza.

– Sasa Jumapili nzima mlikuwa mkifanya nini?

Barafu alieleza kwamba alifika asubuhi, simu ameizima, na mkewe akaanza kumsimulia. Alimsimulia alivyoingia, chumba kilivyonukia, dirisha lilivyotazama ukuta wa jirani na bado akalipenda, kwa sababu ukuta ule haukuwa unamngoja afanye kitu. Alivyolala mpaka saa za watu wavivu. Alivyoshuka kula, na mhudumu akamwuliza kama aweke sahani ya pili kwa mwenzake, naye akasema hapana, kisha akaitazama ile nafasi mpaka chakula kikapoa. Barafu alisema hakujua kwamba mkewe anajua kusimulia hivyo. Kisha akajirekebisha, akasema huenda alikuwa akisimulia siku zote, na yeye ndiye aliyekuwa njiani kwenda kwa mtu. Giza likaingia, shemeji akawaletea chakula, wakaona waishie hapo.

– Mliishia wapi? Hajinyoi akauliza.

– Siku ya kwanza. Ya pili ataniambia Jumapili hii.

Wakili alikuwa akipiga hesabu kwa vidole juu ya goti.

– Siku zilikuwa tatu, akasema hatimaye, kwa sauti ya chini ambayo hatukuizoea. Kwa hiyo umebakiwa na Jumapili mbili.

– Bado, akasema Barafu. Kuna na safari ya kurudi.